Ramani ya Kijapani ndani ya gari la Mbarara: kinachoweza kusasishwa na kisichoweza

Dereva anapowasha gari alilolinunua juzi, kabla injini haijatulia, sauti ya mwanamke husikika kutoka chini ya dashibodi. Huzungumza Kijapani kwa adabu, kisha hunyamaza. Skrini iliyo katikati huwaka ikiwa na herufi ambazo dereva hazifahamu, na mara nyingi huonyesha ramani ya mahali ambako hajawahi kukanyaga. Hali hii imezoeleka katika magari ya abiria mjini Mbarara na katika yale ya kukodi yanayokwenda na kurudi kati ya mji huo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Swali linalofuata kwa kawaida ni hili: je, ramani hiyo inaweza kusasishwa ili ionyeshe Uganda, na taarifa za foleni zikaanza kuingia? Jibu fupi, kwa magari mengi yaliyotoka Japani, ni hapana. Anayemwahidi mteja kwamba atamwekea ramani ya Uganda ndani ya kifaa kilekile cha Kijapani huenda amekosea, au anatafuta fedha. Hata hivyo, yako mambo kadhaa yanayoweza kufanywa kwa gharama ndogo zaidi, na baadhi yake ni muhimu hasa kwa anayesafiri usiku kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara kutoka kijiji kisicho na namba za nyumba.

Kwa nini ramani haibadiliki

Uganda na Japani zote huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wa magari yao uko kulia. Ndiyo sababu kubwa ya magari yaliyotumika ya Japani kujaa katika nchi yetu. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, lakini hata gari la miaka kumi au kumi na miwili huja na kifaa cha ramani kilichobuniwa katika enzi nyingine.

Japani ilitangulia katika teknolojia hii. Mwaka 1981 kampuni ya Honda ilitoa kifaa kilichotumia jairo kukadiria mwelekeo wa gari, bila setilaiti yoyote. Mwaka 1990 gari la Mazda liitwalo Eunos Cosmo liliuzwa likiwa na ramani inayotumia setilaiti za GPS. Baadaye ramani zilihamia kutoka kwenye CD hadi kwenye DVD, kisha kwenye diski ngumu iliyofungwa ndani ya kifaa, na mwishowe kwenye kadi ndogo za SD. Kila hatua ilikusudiwa mteja mmoja, yaani dereva wa Japani. Programu iliyomo husoma ramani za Japani tu, katika mpangilio wake wa pekee, na watengenezaji hawakuwahi kutoa ramani ya Uganda kwa vifaa hivyo vya soko la ndani. Mtu akinunua diski mpya kabisa ya kifaa chake, atakachopata ni barabara mpya za Osaka na Nagoya.

Ikumbukwe kwamba GPS yenyewe haina kosa. Setilaiti zake huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake hufika Isingiro kama yanavyofika Tokyo. Kifaa kikisikia angalau setilaiti nne, hujua kilipo. Tatizo ni kwamba kinapojua kuwa kiko karibu na ikweta, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, hakina karatasi ya kuchora mahali hapo. Hivyo skrini hubaki tupu, au humwonyesha dereva akielea baharini, au hubaki pale gari lilipozimwa mara ya mwisho kabla ya kupandishwa melini.

Kuna kasoro nyingine inayowachanganya wengi: tarehe ya kifaa kurudi nyuma karibu miaka ishirini. Chanzo chake ni namna GPS inavyohesabu wiki. Mfumo wa awali huhesabu wiki 1,024 tu, sawa na miaka 19 na miezi saba hivi, kisha huanza upya kutoka sifuri. Mzunguko wa pili ulikamilika usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikuandaliwa kwa siku hiyo, au kwa siku nyingine iliyowekwa na mtengenezaji wake, huanza kuonyesha tarehe ya zamani. Saa ikikataa kurekebishika, tatizo si betri wala si fundi aliyeifungua mara ya mwisho.

Taarifa za foleni zilizobaki ng'ambo

Wengi huona kwenye skrini alama ya VICS na kudhani kwamba ikiwashwa italeta habari za barabara. VICS ni mfumo wa Kijapani wa kuyapelekea magari habari za foleni, ajali na barabara zilizofungwa. Ulianza mwaka 1996, na habari zake hutoka kwenye mitambo iliyosimikwa kando ya barabara pamoja na mawimbi ya redio ya FM ya shirika la utangazaji la NHK. Hapa hakuna mitambo hiyo wala mawimbi hayo. Kuhangaika na kitufe chake ni sawa na kusubiri barua ya posta katika nyumba isiyo na anwani.

Gari lililotoka Uingereza au nchi nyingine ya Ulaya huwa na mfumo tofauti uitwao TMC, ambao pia husafirisha taarifa za foleni ndani ya mawimbi ya FM kwa kutumia namba za siri za mahali. Namba hizo zina maana pale tu ambapo nchi imeandaa orodha yake na kituo kinachozirusha. Uganda haina huduma ya aina hiyo, kwa hiyo gari la Ulaya nalo halitaonyesha foleni ya Mbarara. Tofauti yake ni kwamba baadhi ya vifaa vya magari ya Ulaya au ya nchi za Ghuba hukubali ramani za maeneo mengine ya dunia. Mwenye gari la namna hiyo aulize kwanza, kwa kutaja namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye kibandiko chake, iwapo ramani ya Afrika Mashariki ipo. Asilipe kabla ya kuiona ikifunguka.

Kadi isiyopaswa kutolewa

Kabla ya kugusa chochote, mwenye gari la Kijapani anapaswa kujua jambo moja linalowagharimu watu wengi. Katika vifaa vingi vya Toyota vya kadi ya SD, kadi ya ramani si ramani tu, bali ni sehemu ya ufunguo wa kifaa kizima. Ikitolewa, ikapotea, au ikafutwa ili iwekwe nyimbo, redio, kamera ya nyuma na kila kitu vinaweza kugoma. Jambo kama hilo hutokea pia betri inapochomolewa: kifaa huamka kikidai kadi yake au namba ya siri, na mwenye gari hubaki na skrini iliyofungwa. Vifaa vya zamani zaidi vya DVD navyo huweza kukataa kufanya kazi iwapo diski yake ya ramani haimo ndani.

Ramani ya Japani haina faida ya kumwongoza mtu hapa, lakini kadi yake ina faida. Iacheni mahali pake. Anayenunua gari mjini Kampala au Mbarara ahakikishe kadi ipo kabla ya kukabidhi fedha, na kabla fundi hajabadilisha betri amkumbushe kuhusu namba ya siri. Wapo mafundi wanaojua kuvifungua vifaa vilivyofungwa, lakini kazi hiyo hulipiwa, na wakati mwingine malipo yake yanakaribia bei ya redio mpya ya kawaida.

Kwa anayetaka kuingia kwenye mipangilio ya skrini isiyo na lugha nyingine, maandishi machache yanatosha. Herufi 設定 zina maana ya mipangilio, 音量 ni kiwango cha sauti, 地図 ni ramani, na 自宅 ni nyumbani. Kwa maandishi mengine, programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu, inayotumia kamera, husoma Kijapani vizuri kiasi cha kumsaidia mtu asibonyeze palipoandikwa kufuta.

Redio ndiyo ya kutengenezwa kwanza

Hapa lipo jambo ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko ramani yenyewe. Redio za FM za Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya megahezi 76 hadi 90. Za miaka ya karibuni hufika 95 au zaidi kidogo. Uganda, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia 87.5 hadi 108. Maana yake ni kwamba gari lililotoka Japani husikia sehemu ndogo tu ya vituo vyetu, na katika wilaya kama Isingiro huenda lisisikie hata kimoja kinachotangaza habari za barabara za magharibi. Dereva huona redio nzuri yenye spika nne, akafikiri antena imeharibika, kumbe redio imeishia pale matangazo ya Uganda yanapoanzia.

Dawa ya kawaida ni kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Kisanduku hicho huyashusha masafa ya juu ili yaingie katika eneo ambalo redio ya Kijapani inalisikia. Namba iliyoandikwa juu yake ndiyo kiasi cha kupunguza. Kwa mfano, ekspanda ya 18 ikifungwa, kituo kinachorusha kwenye 100.2 kitapatikana redio ikiwekwa 82.2. Kituo cha 107 kitakuwa 89.

Wauzaji husahau kueleza kwamba kila ekspanda ina mipaka. Ile ya 18 huleta vituo vilivyo kati ya 94 na 108, na vile vya kati ya 90 na 94 hukosekana. Ya 12 huleta vya 88 hadi 102 na kuacha vya juu. Kwa hiyo mtu aandike kwanza masafa ya vituo anavyovisikiliza nyumbani kwa redio ndogo ya mkononi, kisha achague ekspanda inayovifikia. Ekspanda duni huongeza mvumo na mikwaruzo, hasa mahali ambapo mawimbi ni dhaifu, kwa hiyo ni vema kuisikiliza ikiwa imefungwa na gari likiwa nje ya mji. Ikisikika vizuri hatua chache kutoka kwenye mnara wa kituo, hilo bado halijathibitisha lolote.

Baadhi ya redio zina mpangilio wa eneo ambao fundi mwenye ujuzi anaweza kuubadilisha bila kufunga kitu. Ni haki ya mteja kumwuliza fundi juu ya hilo kabla ya kukatwa waya.

Kilichotokea Katonga

Umuhimu wa kusikia redio ndani ya gari ulidhihirika mwezi Mei 2023. Mafuriko yalipolikumba daraja la Katonga kwenye barabara kuu ya Kampala hadi Masaka, barabara ilifungwa. Hiyo ndiyo njia ambayo karibu magari yote ya Kampala kwenda Mbarara, na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda, huipita. Mamlaka ya Barabara ya wakati huo ilitangaza njia ya kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni, Sembabule na Villa Maria hadi Masaka. Tangazo hilo lilisambaa kwa redio, kwa mitandao ya kijamii na kwa simu kutoka kwa dereva mmoja hadi mwingine. Ramani iliyofungwa ndani ya gari, hata ingekuwa ya Uganda na ya mwaka huohuo, ingeendelea kumwelekeza dereva darajani, kwa sababu ramani ya diski hueleza barabara zilivyo siku ilipochapishwa, wala haijui kilichotokea asubuhi ya leo.

Ramani za simu zinazotumia intaneti ni tofauti, lakini nazo zieleweke zinavyofanya kazi. Rangi za foleni kwenye Google Maps, yaani kijani, machungwa na nyekundu, hutokana hasa na simu zilizomo ndani ya magari. Simu nyingi zikienda polepole kwenye kipande kimoja cha barabara, mfumo huhesabu kuwa kuna msongamano. Njia hiyo hufanya kazi vizuri mjini Kampala, na husaidia kwenye barabara kuu inayoingia Mbarara na kwenye barabara ya mchepuko inayoukwepa mji. Lakini kwenye barabara ya vumbi ndani ya makazi, ambako magari ni machache na simu zenye intaneti ni chache zaidi, hakuna cha kuhesabu. Barabara huonekana haina rangi. Madereva wengi wasio na uzoefu huchukulia kwamba kukosekana kwa rangi ni dalili ya njia nyeupe. Kumbe huenda barabara imefunikwa na maji, na ndiyo maana hakuna gari linalopita.

Kwa sehemu ya mwisho ya safari ya Nakivale, kwa hiyo, hakuna mfumo wa kielektroniki unaoshinda simu moja ya kumwuliza dereva wa bodaboda aliyepita leo.

Simu badala ya skrini

Mbadala halisi wa ramani ya gari ni simu yenye ramani iliyopakuliwa. GPS ya simu haihitaji intaneti wala salio. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani na taarifa za foleni. Ramani ikiwa imehifadhiwa ndani ya simu, mtu anaweza kuongozwa kutoka Mbarara hadi Isingiro, na kuingia ndani ya makazi, hata mtandao ukikatika kabisa.

Google Maps huruhusu kupakua eneo, ila eneo hilo lina tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo simu huionyesha, na bila intaneti hakuna taarifa za foleni. Programu za Organic Maps na OsmAnd hutumia ramani huria ya OpenStreetMap. Humruhusu mtu kupakua Uganda na nchi jirani, na mara nyingi huonyesha vijia na mabomba ya maji ambayo ramani nyingine hazina. Upakuaji huo ufanywe mahali penye mtandao mzuri, kabla ya safari, na urudiwe kila baada ya miezi michache. Kwa mwenye gari kuukuu, huko ndiko kusasisha ramani, na hakuna fundi anayehitajika.

Wapo wanaotaka maelekezo ya simu yasikike kwenye spika za gari. Redio isipokuwa na Bluetooth, kuna visambaza sauti vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha sauti ya simu kwa FM. Hapa tena masafa ya Japani huleta shida: vingi vya visambaza hivyo hurusha kati ya 87.5 na 108, ilhali redio huishia 90. Viwekwe kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo, navyo vitasikika bila ekspanda.

Sheria ya usalama barabarani ya Uganda haimruhusu dereva kutumia simu iliyo mkononi akiendesha. Simu iwekwe kwenye kishikizo, na njia ichaguliwe gari likiwa limesimama. Kwa ndugu waliojifunza kuendesha Bukavu, Bujumbura au Kigali, ambako magari hupita kulia, sauti ya simu inayosema mapema upande wa kukata kona ni msaada mkubwa kuliko skrini, hasa kwenye mizunguko ya mjini Mbarara, ambako macho hayapaswi kuwa penginepo.

Ramani ambayo wakazi wanaweza kuirekebisha wenyewe

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na imegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, zenye vijiji vingi. Iko umbali wa takriban kilomita 60 kutoka Mbarara. Kutoka mjini lami hufuata barabara ya Isingiro hadi Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Ndani ya makazi, barabara nyingi ni za udongo, na karibu na ziwa Nakivale na vinamasi vyake mvua huzibadilisha kila msimu.

Mahali kama hapa ramani ya kampuni huchelewa. Kijiji huongezeka, njia hufungwa na shamba jipya, na mtaa mmoja huwa na jina la ofisini na jina jingine wanalolitumia wakazi. Uzuri wa OpenStreetMap, ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ni kwamba mkazi mwenye simu anaweza kuongeza barabara, kisima, shule au kituo cha afya, au kusahihisha jina. Hufungua akaunti bila malipo, hufanya masahihisho ndani ya OsmAnd, Organic Maps au programu nyingine ya namna hiyo, na baada ya ramani kutolewa upya, kila anayeipakua hukuta masahihisho hayo, akiwemo dereva wa gari la wagonjwa. Shirika la kujitolea la HOT limekuwa likifanya kazi ya uchoraji wa aina hiyo katika wilaya za Uganda zinazowapokea wakimbizi, pamoja na wakimbizi wenyewe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ramani hiyo ni ya wazi kwa dunia nzima. Haifai kuandika humo jina la mwenye nyumba, au kuonyesha mahali wanapoishi watu wanaohitaji kulindwa. Wapo katika makazi waliokimbia watu ambao bado wanawatafuta. Kituo cha afya, bomba la maji na barabara vinatosha.

Kwa nyumba ya mtu binafsi, njia salama ni kumtumia dereva mwenyewe mahali ulipo, kwa ujumbe wa simu. Asiye na simu janja anaweza kuwa na namba za mahali pake, yaani latitudo na longitudo, zilizoandikwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na kadi ya kliniki. Namba zenye tarakimu nne baada ya nukta humfikisha dereva ndani ya mita kumi na moja hivi, na zinaweza kusomwa kwa sauti katika simu ya kitufe. Familia yenye mama mjamzito au mgonjwa wa muda mrefu ingefanya vema kumwomba jirani mwenye simu aziandike mchana, kabla hazijahitajika usiku.

Anayeamua kubadilisha kifaa kizima

Redio za skrini zinazotumia Android zimeenea mjini Mbarara, na mafundi wa umeme wa magari huzifunga mahali pa kifaa cha Kijapani. Zina FM ya masafa yetu na hukubali programu zilezile za ramani. Ni suluhisho zuri kwa gari la biashara, lakini si kwa kila gari. Katika baadhi ya magari, kama vile Toyota Harrier na Crown za miaka fulani, skrini ya zamani ndiyo pia inayoonyesha na kuongoza kiyoyozi. Ikiondolewa bila kifaa maalumu cha kuunganishia, kiyoyozi hubaki bila mwongozo. Kamera ya nyuma na vitufe vya usukani navyo huhitaji viunganishi vyake. Mteja aombe aonyeshwe vyote vikifanya kazi kabla ya kulipa, na achukue kifaa chake cha zamani pamoja na kadi yake, kwani mnunuzi wa baadaye anaweza kukitaka. Aulize pia kama redio mpya huzimika kabisa ufunguo ukitolewa, maana isipozimika huila betri usiku kucha.

Jambo jingine husahauliwa siku ya kuuza gari. Kifaa cha ramani huhifadhi nyumbani kwa mwenyewe na safari za karibuni, na chenye Bluetooth huhifadhi majina na namba za simu zilizowahi kuunganishwa. Ni kawaida kukuta ndani ya gari lililofika Uganda anwani ya familia ya Kijapani isiyojua kwamba nyumba yao imesafiri hadi hapa. Mwenye gari wa Nakivale ana sababu zaidi ya Mjapani huyo ya kuvifuta. Afute orodha ya simu, safari na mahali palipohifadhiwa, kisha aizime Bluetooth ya simu yake kabla ya kukabidhi funguo.

Na ile sauti ya mwanamke anayezungumza kila asubuhi, kwa kawaida haitoki kwenye ramani. Hutoka kwenye kisanduku cha ETC, mfumo wa kulipia barabara za kasi za Japani, nacho husema tu kwamba kadi ya malipo haijaingizwa. Hakitumiki kwenye barabara ya kulipia ya Kampala kwenda Entebbe wala kwingine kokote nchini. Kwa kawaida hufungwa chini ya dashibodi, upande wa dereva au ndani ya kisanduku cha abiria. Fundi hukichomoa waya wake kwa dakika chache, na gari huendelea kuwaka kama kawaida.